Argoni ilivyojificha ndani ya gramu 0.0112

Kati ya mwaka 1892 na 1894, katika maabara aliyoijenga nyumbani kwake Terling, Essex, Lord Rayleigh alijaza naitrojeni kwenye tufe la kioo na kuipima, akarudia tena na tena. Naitrojeni aliyoipata kwa kuiondolea hewa oksijeni yake ilikuwa na uzito wa wastani wa gramu 2.3102. Naitrojeni aliyoitengeneza kutokana na kampaundi kama amoniamu naitraiti na urea ilikuwa na wastani wa gramu 2.2990. Tufe ni lilelile, la ujazo wa lita 1.8 hivi, halijoto ni ileile, kanieneo ni ileile, na kwa mujibu wa vitabu vyote vya wakati ule gesi yenyewe ni ileile. Lakini mizani ilionyesha tofauti ya gramu 0.0112, yaani miligramu 11 na ushei, kama nusu ya punje moja ya mchele.

Sasa zichukue hesabu hizo mbili, uziandike kwa tarakimu mbili za maana, yaani zile tarakimu zinazobeba habari ya kipimo. Ya kwanza inakuwa 2.3. Ya pili nayo inakuwa 2.3. Tofauti imekufa, na pamoja nayo imekufa elementi nzima, argoni, ambayo mimi na wewe tunaivuta puani kila sekunde bila kujua.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu wanafunzi wengi wa kemia hukutana na tarakimu za maana kama kero ya mtahini: kanuni za kukariri kuhusu sifuri ipi ihesabiwe na ipi iachwe, alama nusu ikatwe hapa na nusu pale. Wakifundishwa hivyo, siwalaumu wakiona ni urembo wa kuandika namba. Hapa tuna kisa ambacho tarakimu ya nne na ya tano ndizo zilizobeba habari yote, na zilibeba kwa sababu kuna mtu alizitolea jasho kabla ya kuziandika.

Rayleigh, kwa jina lake John William Strutt, alikuwa mwanafizikia. Alishika uprofesa wa Cavendish kule Cambridge tangu 1879 hadi 1884, kisha akarudi kufanya kazi nyumbani. Alipoanza kupima gesi hakuwa akitafuta elementi mpya. Alitaka kulijibu swali la zamani lililoachwa na William Prout mwanzoni mwa karne ya 19: je, uzito wa atomu za elementi zote ni mara kamili za uzito wa hidrojeni? Kama ndivyo, oksijeni iwe 16 barabara ikilinganishwa na hidrojeni 1. Rayleigh alipata 15.88. Swali la namna hiyo halijibiwi kwa tarakimu mbili, kwa maana ukikadiria 15.88 inakuwa 16 na Prout anashinda kesi asiyostahili kushinda. Kwa hiyo alipoigeukia naitrojeni, tayari alikuwa na mazoea ya miaka ya kupima gesi hadi sehemu ya kumi ya miligramu.

Njia yake ya kwanza alipendekezewa na mwanakemia William Ramsay. Hewa inapitishwa ndani ya maji ya amonia, kisha mchanganyiko unapita juu ya shaba iliyopashwa moto sana. Oksijeni ya hewa inaungana na hidrojeni ya amonia kuwa maji, na kinachobaki ni naitrojeni. Matokeo yalilingana vizuri kila aliporudia. Wengi wangefunga daftari hapo. Rayleigh akataka kuhakikisha kwa njia nyingine, akaondoa oksijeni kwa shaba ya moto peke yake bila amonia. Matokeo ya njia hii nayo yalilingana yenyewe kwa yenyewe, lakini yakapishana na yale ya kwanza kwa sehemu moja katika elfu hivi.

Sehemu moja katika elfu ni kitu ambacho ungeweza kukipuuza kwa amani kabisa. Yeye alipima akaona kwamba makosa yake ya kawaida ni madogo kuliko hapo, hivyo pengo halikuwa bahati mbaya. Tarehe 29 Septemba 1892 jarida la Nature lilichapisha barua yake fupi akieleza kwamba matokeo haya yanamtatiza, na kuwaomba wanakemia wamsaidie kupata sababu.

Hatua aliyochukua baada ya hapo naiona ndiyo ya kufundishia kuliko zote. Mtu anapoona majibu mawili yanapishana kidogo, hamu ya kwanza ni kuzipunguza tarakimu mpaka yapatane. Rayleigh aliliongeza pengo makusudi. Alifikiri hivi: katika njia ya amonia, sehemu kubwa ya naitrojeni inatoka hewani, na ni moja ya saba hivi tu inayotoka kwenye amonia yenyewe. Kama tofauti inatokana na asili ya gesi, basi nikitumia oksijeni safi badala ya hewa, naitrojeni yote itatoka kwenye amonia na tofauti itakua. Akafanya hivyo. Pengo likapanda kutoka moja katika elfu hadi karibu moja katika mia mbili. Kosa la bahati nasibu halikui kwa utaratibu unaotabirika namna hiyo.

Je, alikuwa na haki ya kuandika 2.3102? Kwa nini asiandike 2.31 tu? Hapa inafaa tukae kidogo, maana tarakimu haiandikwi kwa sababu kikokotoo kimeionyesha.

Anza na halijoto. Gesi iliyo kwenye nyuzi 0 za Selsiasi ni kama iko kwenye kelvini 273, kwa hiyo kosa la digrii moja tu linabadilisha uzito wa gesi iliyomo kwenye tufe kwa moja ya 273. Kwa gramu 2.30 hiyo ni gramu 0.0084, robo tatu ya pengo lote. Ndiyo maana tufe lilizungukwa na barafu wakati wa kujaza gesi: barafu inayoyeyuka haibishani na mtu kuhusu halijoto yake. Kisha kanieneo, inayopimwa kwa urefu wa safu ya zebaki. Milimita moja ya zebaki kati ya 760 ni gramu 0.0030. Vipimo vyake vitatu vya naitrojeni ya hewa vilipishana kwa gramu 0.0003 tu, na ukikokotoa kinyumenyume utaona maana yake: kanieneo ilibidi idhibitiwe hadi kwenye sehemu ya kumi ya milimita, na halijoto hadi kwenye sehemu tatu au nne hivi za mia za digrii moja.

Halafu kuna hewa ya chumbani. Tufe la lita 1.8 linaelea kidogo ndani ya hewa kama kila kitu kingine, na hewa linayoisukuma ina uzito wa gramu 2.2 hivi, karibu sawa na gesi yenyewe inayopimwa! Hali ya hewa ikibadilika usiku mmoja na densiti ya hewa ikapanda kwa asilimia moja, mizani itadanganya kwa gramu 0.022, mara mbili ya pengo la argoni. Dawa yake ilikuwa kutundika upande wa pili wa mizani tufe jingine lililofungwa, lenye ujazo wa nje sawasawa na la kwanza, ili hewa iyasukume yote mawili kwa nguvu moja. Rayleigh aligundua hata kosa ambalo bingwa wa Ufaransa, Regnault, hakuliona: tufe likiondolewa hewa ndani, kioo hubanwa na kusinyaa kidogo mno, na kile kidogo kinabadilisha ule msukumo wa hewa. Akalipima na kulisahihisha.

Ukishayajua hayo, 2.3102 inasomeka kwa namna nyingine. Tarakimu ya 1 baada ya 3 imelipiwa na barafu. Ya 0 imelipiwa na tufe la pili. Ya 2 ya mwisho ina shaka, na kila msomaji wa sayansi anajua kwamba ina shaka. Hayo ndiyo makubaliano yetu: tarakimu zote za mwanzo tuna uhakika nazo, ya mwisho tunaikadiria, na baada yake tunanyamaza.

Kuhusu vizio, milimita ya zebaki ina mtego ambao sisi wa Afrika Mashariki tunapaswa kuuona haraka kuliko Waingereza. Safu ya zebaki yenye urefu wa milimita 760 hukandamiza kwa nguvu inayotegemea mvutano wa dunia pale ilipo. Kule Essex mvutano ni takriban mita 9.812 kwa sekunde mraba. Nairobi, iliyo karibu na ikweta na juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, ni takriban 9.775. Tofauti hiyo ni karibu asilimia 0.4. Laiti Rayleigh angelijaza tufe lake mara ya pili Nairobi kwa milimita 760 zilezile, angepungukiwa na gramu 0.009 hivi za gesi, akadhani amepata naitrojeni nyepesi ya aina mpya. Namba ni ileile, kizio kina jina lilelile, na kiasi ni tofauti. Yeye alijikinga kwa njia rahisi: gesi zote mbili alizipima mahali pamoja, kwa tufe moja, kwa kipimakanieneo kimoja. Kosa lolote la mvutano liliingia pande zote mbili kwa kiwango kimoja, na likajifuta katika ulinganisho.

Kwa sababu hiyohiyo napenda alivyoziwasilisha hesabu zake kama gramu za gesi iliyojaza tufe, kabla ya kuzigeuza kuwa gramu kwa lita. Ukigawanya kwa ujazo unaleta shaka ya ujazo ndani ya hesabu yako. Kama lengo ni kulinganisha gesi mbili zilizokaa kwenye chombo kimoja, ujazo wa chombo huuhitaji kabisa. Kugeuza kizio ni hatua ya kipimo kama hatua nyingine, nayo ina gharama.

Haya sasa, daftari lenyewe. Naitrojeni ya hewa: oksijeni ikiondolewa kwa shaba ya moto, 2.3103, kwa chuma cha moto, 2.3100, kwa haidroksaidi ya chuma isiyohitaji moto, 2.3102. Naitrojeni ya kampaundi: kutoka naitriki oksaidi, 2.3001, kutoka naitrasi oksaidi, 2.2990; kutoka amoniamu naitraiti, 2.2987, kutoka urea, 2.2985, na kutoka amoniamu naitraiti tena, safari hii ikisafishwa bila kupitishwa kwenye chuma cha moto, 2.2987.

Ziangalie zile sifuri. Katika 2.3100 ziko mbili mwishoni, na mwanafunzi mwenye haraka angeandika 2.31 akidhani ameandika kitu kilekile. Kwa hesabu tupu ni kweli hazitofautiani. Kwa maabara, 2.31 inasema kwamba thamani iko mahali fulani kati ya 2.305 na 2.315, uwanja mpana wa miligramu 10, karibu sawa na pengo tunalolitafuta. 2.3100 inasema kwamba tumetazama sehemu ya elfu na ya elfu kumi, tukakuta sifuri. Sifuri iliyopimwa ni matokeo. Ukisoma bureti, ule mrija wa kupimia ujazo wa vimiminika, ikawa 24.50, andika 24.50.

Sasa toa: 2.3102 kutoa 2.2990 ni 0.0112. Tumeanza na namba mbili zenye tarakimu tano za maana kila moja, tukaishia na namba yenye tarakimu tatu. Hakuna aliyezipoteza kwa uzembe. Katika kutoa na kujumlisha tunachungulia nafasi za desimali, na nafasi ya nne ndiyo mwisho wa ujuzi wetu kwa pande zote mbili. Sehemu kubwa ya namba hizo ilikuwa sawa, kwa hiyo ikajifuta, kikabaki kile kidogo kilichotofautiana. Hii ndiyo hatari ya kutafuta jambo dogo kwa kutoa makubwa mawili: ukianza na 2.31 na 2.30, jibu lako ni 0.01, tarakimu moja, nayo ni ileile yenye shaka. Huwezi kusimamisha elementi juu ya hiyo.

Na pengo hili linasimama? Vipimo vya hewa vimetawanyika kwa gramu 0.0003. Vya kampaundi vimetawanyika kwa 0.0016, hasa kwa sababu ya kile cha naitriki oksaidi kilichopanda juu kidogo. Hata ukichukua kizito kuliko vyote vya kampaundi, 2.3001, na chepesi kuliko vyote vya hewa, 2.3100, bado vinaachana kwa 0.0099. Makundi mawili hayagusani. Kampaundi nne tofauti na njia tatu za kuondoa oksijeni, na kila kundi linaimba wimbo wake.

Kilichobaki kilikuwa kuwabana watuhumiwa. Mtuhumiwa wa kwanza alikuwa hidrojeni: ikibaki kama nusu asilimia katika naitrojeni ya kampaundi, ingetosha kuipunguzia uzito. Rayleigh aliitia hidrojeni makusudi ndani ya gesi, akaipitisha kwenye oksaidi ya shaba ya moto, akaona inaondoka yote. Wa pili alikuwa naitrojeni yenyewe, kwamba labda sehemu yake imevunjika kuwa atomu mojamoja. Akaihifadhi gesi nyepesi miezi minane ili aone kama itarudi kuwa nzito, haikurudi. Ikabaki dhana ambayo hakuna aliyeitaka: gesi ya hewa ndiyo chafu, na uchafu wake ni kitu kizito kisichojulikana.

Mwanasayansi Mwingereza Henry Cavendish alikuwa ameugusa uchafu huo mwaka 1785. Alipitisha cheche za umeme kwenye hewa iliyoongezwa oksijeni mpaka naitrojeni ikaisha yote, kikabaki kiputo kidogo kilichogoma. Akakadiria kwamba hakizidi moja ya 120 ya naitrojeni aliyoanza nayo, akaandika hivyo, na kwa zaidi ya miaka 100 hakuna aliyekifuatilia. Kiasi halisi ni karibu moja ya 85, kwa hiyo kadirio lake lilikuwa chini, ila alifanya jambo la maana: aliandika ukubwa wa alichoshindwa kukielezea.

Rayleigh alirudia cheche za Cavendish kwa umeme wenye nguvu zaidi. Ramsay, kule London, aliipitisha naitrojeni ya hewa juu ya magnesiamu ya moto iliyoimeza kidogokidogo, na alipoendelea, gesi iliyobaki ikawa nzito zaidi na zaidi hadi kufikia karibu mara 20 ya densiti ya hidrojeni. Mistari yake ya mwanga kwenye spektroskopu, chombo cha kuchambua mwanga, haikufanana na ya elementi yoyote. Walitangaza habari hiyo Oxford mwezi Agosti 1894, na tarehe 31 Januari 1895 wakaieleza kwa kina mbele ya Royal Society. Mendeleev, mwanakemia Mrusi wa jedwali la elementi, kwa muda alidhani ni naitrojeni ya atomu tatu. Haikuwa. Mwaka 1904 Rayleigh alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia, na Ramsay, ambaye kufikia hapo alikuwa ameshapata pia heliamu, neoni, kriptoni na zenoni, akapewa ya kemia.

Tuzirudie zile gramu 0.0112, maana bado hazijasema zote. Leo tunajua uzito wa molekuli ya naitrojeni ni 28.014 na wa atomu ya argoni ni 39.948, kwa hiyo kila atomu ya argoni inayochukua nafasi ya molekuli ya naitrojeni inaongeza 11.934. Uwiano wa pengo kwa uzito wa gesi nyepesi ni 0.0112 gawanya kwa 2.2990. Kikokotoo kitatoa 0.004871683 na kuendelea. Sisi tunachukua 0.00487, kwa sababu pengo lina tarakimu tatu na kuzidisha au kugawanya hakuwezi kumpita aliye maskini kuliko wote. Zidisha kwa 28.014, gawanya kwa 11.934, unapata 0.0114. Yaani argoni ni asilimia 1.14 ya kile kilichoitwa naitrojeni ya hewa. Vipimo vya kisasa vinasema 1.18.

Kwa nini tumepungukiwa? Kila gramu 0.0001 katika pengo inasogeza jibu kwa asilimia 0.01, kwa hiyo tunatafuta gramu 0.0004 zilizopotea. Rudi kwenye daftari, utazame 2.3001 ya naitriki oksaidi. Molekuli ya gesi hiyo ni 30, nzito kuliko naitrojeni. Ikibaki kidogo bila kuvunjwa na chuma cha moto, itapandisha uzito, na kipimo hicho kiko juu ya wenzake kwa gramu 0.0011 au zaidi. Si ruhusa kutupa kipimo kwa sababu hakitupendezi. Hapa tuna sababu ya kikemia ya kukishuku, na ni haki kuuliza hali ingekuwaje bila yeye. Vinne vilivyobaki vina wastani wa 2.2987. Pengo linakuwa 0.0115, na argoni inakuwa asilimia 1.17.